Daftari Nililomsomea Mdogo Wangu Kinyume na Lilivyoandikwa

Kosa ni langu. Naliweka hapa mwanzoni ili asije mtu akasoma nusu akanionea huruma! Sitaki huruma ya mtu. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Kolwezi, mwanamke wa makamo, na jina langu nalificha kwa sababu bado nasimama mbele ya watoto wa watu kila asubuhi. Mkimaliza kusoma niiteni mnavyotaka.

Nilimdanganya kipofu. Nilimsomea daftari lake mwenyewe, nikamsomea maneno yasiyokuwemo. Na kipofu huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja, na upofu wenyewe ulitoka kwangu. Haya, mmejua. Sasa nipeni nafasi niwaeleze jinsi mtu anavyofika huko, maana hakuna anayeamka siku moja akaanzia hapo.

Mdogo wangu nitamwita Béa. Mama yetu alipofariki, Béa alikuwa bado analishwa uji kwa kijiko, nami nilikuwa msichana mkubwa. Nikamlea. Nyumbani aliniita yaya, kama tunavyowaita ndugu zetu wakubwa huku. Alipofika darasa la sita la sekondari, upande wa biolojia na kemia, nikawa pia mwalimu wake. Darasani aliniita madame kama wenzake na hakuwahi kukosea hata siku moja. Alikaa dawati la mbele, na kila nililosema aliliandika. Hata nikikohoa, nadhani aliandika.

Mwaka ule darasani mwangu palikuwa na mwanafunzi mtu mzima, Kasongo. Alikuwa amechimba shaba na kobalti kule Mutoshi miaka kadhaa, kisha akarudi shuleni kumalizia alipoachia. Wenzake walimwita Tata Kasongo, yaani mzee Kasongo, kwa utani. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu ambalo hata avipige mswaki namna gani halikutoka.

Sikumpenda. Nisiwafiche, sikumpenda! Niliona amekuja kunichafulia darasa. Mwanamke akifundisha kemia katika mji wa migodi, kila mwanaume aliyewahi kushika jiwe anadhani anajua zaidi yake, na miaka mingi ya kudharauliwa ilikuwa imenifundisha kudharau kwanza.

Siku yenyewe somo lilikuwa halojeni. Kwa asiyejua, hiyo ni familia ya vitu vinne vinavyofundishwa pamoja: florini, klorini, bromini na iodini. Vyote ni vikali, vina hamu ya kukamata vitu vingine. Ukali huo unapungua ukishuka kutoka cha kwanza hadi cha mwisho. Klorini mnaijua kwenye maji ya javel ya kufulia, na iodini ni ile ya kahawia ambayo wauguzi wanapaka kwenye kidonda. Hadi hapo nilikuwa sawa.

Likaja swali la pili. Halojeni mbili tofauti zikiungana, tuseme klorini na iodini, kinachozaliwa ni kikali kuliko wazazi wake, au ni kipole?

Hapo nilikuwa na mfano wangu ambao niliutumia mwaka hadi mwaka, na nilijivunia kweli. Huku kwetu hata mtu asiyejua kusoma anajua teneur, yaani kiasi cha madini kilichomo ndani ya mawe. Mchimbaji anafikisha gunia lake depo, kwa wanunuzi, wanapima, na teneur ndiyo inayosema kama jasho lake lilikuwa na faida. Ukichanganya mawe mazuri na udongo, teneur inashuka. Basi nikawaambia kwamba klorini iliyounganishwa na iodini ni klorini iliyotiwa udongo. Nikaandika ubaoni: Kilichochanganywa hupungua nguvu. Nikawaamuru wapige mistari miwili myekundu chini yake, kama nilivyodai kwa kila kanuni.

Kasongo akainua mkono.

"Madame, mi naona mu kitabu banaandika ingine. Banasema bile bibili bikiungana, binakuwaka bikali kupita moja-moja. Ni fluor tu njo inabipita."

Kitabu gani hicho kinachosema mbili zikiungana zinakuwa kali kuliko moja moja, na florini tu ndiyo inayozipita? Alikuwa nacho mkononi, kikuukuu, hakina jalada, amekinunua kwa wale wanaotandika vitabu chini sokoni. Nikacheka ili darasa lipate ruhusa ya kucheka. Nikamuuliza, yeye aliye mchimbaji, akitia udongo ndani ya malachite, lile jiwe la kijani la shaba, teneur inapanda au inashuka? Akajibu kwamba inashuka. Darasa likaangua kicheko, na Béa wangu pale mbele alicheka kuliko wote.

Lakini Kasongo hakukaa.

"Kule tunapimaka bwingi, madame. Huku tunauliza gani njo inakamata mbio."

Lo! Sentensi hiyo moja! Kule tunapima wingi, huku tunauliza ni kipi kinachokamata haraka. Nimefundisha kemia tangu ujana wangu na sijawahi kusema jambo safi kama lile. Mwalimu wa kweli angeshuka jukwaani akampa mkono. Mimi nilimwambia atoke nje, na asirudi bila mzazi.

Mtu wa miaka ishirini na minne, aliyezika baba na mama kwa mikono yake mwenyewe, nikamwambia alete mzazi! Akakusanya kitabu chake na daftari lake. Mlangoni akasema asante, madame. Hakurudi tena.

Alasiri ile ile nikafungua kitabu changu cha chuo. Sikuhitaji kutafuta, ukurasa ulijifungua wenyewe. Kasongo alikuwa sahihi. Klorini ikishikana na klorini mwenzake, nguvu ni sawa kwa sawa na wanatulia. Ikishikana na iodini, klorini inavuta zaidi, muungano unalalia upande mmoja, na hauna uimara ule wa klorini kwa klorini. Watu wawili wa kimo kimoja wakibeba ndoo kwa mti begani, ndoo inatulia. Mmoja akiwa mrefu na mwingine mfupi, inateleza. Ndiyo maana halojeni mbili tofauti zilizoungana kwa kawaida zina haraka ya kuachana na kushika kitu kingine, na florini tu ndiyo inayozishinda kwa ukali.

Mimi mwenyewe niliyasoma hayo chuoni Lubumbashi! Nilikuwa nimeyasahau, na mahali pake nikaweka hadithi ya udongo kwa sababu ilikuwa tamu na watoto waliipenda.

Béa alikuwa anasonga bukari, ugali wetu wa huku. Akaniuliza, bila kugeuka, "Yaya, ule Kasongo alikuwa nasema bya kweli?"

Kitabu kilikuwa wazi magotini pangu. Nikamwambia hapana, na kwamba aangalie bukari isiungue.

Kesho yake nilipoingia darasani, sentensi bado ilikuwa ubaoni. Zamu ya kufuta walikuwa wameisahau. Ilikuwa inaningojea, naapa! Nilikuwa na kitambaa mkono mmoja na chaki mkono wa pili. Nikafuta, nikaandika kichwa cha somo jipya, nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata. Kufuta ubao bila kufuta daftari za watu, hiyo nayo ni kazi gani?

Béa akamaliza shule, akafaulu vizuri. Baadaye akapata kazi katika maabara ndogo, barabara ya kwenda Fungurume, inayopima mafuta ya kula kabla hayajaingia kantini za kambi za wafanyakazi wa migodi. Nilitamba mtaa mzima. Mdogo wangu anavaa koti jeupe! Niliwaambia watu kwamba kemia ile ameinyonya kwangu, na hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli.

Katika kupima mafuta kuna dawa moja wanayoitumia, inakaa kwenye chupa ya kahawia, na ndani yake kuna klorini iliyoungana na iodini. Béa alikuwa mwangalifu na tindikali. Huko alivaa glavu, akavaa miwani ya kujikinga, hakuhitaji kukumbushwa. Lakini chupa ile ya kahawia aliiona ndogo. Kwenye karatasi iliyobandikwa chupani palikuwa na neno la iodini, naye akawaza iodini ya kidonda. Zaidi ya hapo alikuwa na kanuni yangu kichwani, pamoja na mistari yake miwili.

Kizibo kilikuwa kimekwama. Akakivuta kwa nguvu, bila miwani, uso karibu. Dawa ikamrukia machoni.

Laiti ingeishia hapo! Macho yalipomchoma, alijimwagia viganja viwili vya maji, akajifuta kwa kitambaa, akakaa kwenye kiti angoje. Angoje nini? Angoje ipite, kwa sababu mimi nilimfundisha kwamba kitu kile hakina nguvu. Mkuu wa maabara alipoingia akamkuta amekaa hapo hapo, ameinamisha kichwa kama mtu anayesali.

Daktari hakunificha. Alisema macho yalitakiwa kumwagiwa maji mengi pale pale, bila kuacha, kwa muda mrefu. Pengine lingeokoka hata jicho moja. La kushoto limekufa. La kulia linatofautisha mchana na kivuli, basi.

Nilipofika hospitali amefungwa bandeji uso mzima, maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Yaya, nilifikiri ni kitu kidogo."

Nilijua papo hapo. Hakuna aliyehitaji kunieleza.

Sasa njooni kwenye dhambi yenyewe, maana hizo za nyuma zilikuwa kiburi, na kiburi watu wanakisamehe. Wiki chache baada ya kurudi nyumbani, Béa aliniomba nimtafutie daftari lake la kemia la darasa la sita. Alitaka nimsomee somo la halojeni. Alisema anataka kujua alikosea wapi, kwa sababu kuwaza bila kujua kunamchosha.

Nikalileta. Nikakaa karibu naye kitandani. Ukurasa ulikuwa msafi, mwandiko wake ule wa duara, na katikati sentensi yangu na mistari yake miwili myekundu. Nikaitazama. Nikafungua kinywa.

Nikasoma: "Halojeni mbili tofauti zikiungana, kwa kawaida huwa kali kuliko kila moja peke yake, isipokuwa florini. Zishikwe kwa uangalifu mkubwa."

Kwa uangalifu mkubwa! Hata tahadhari niliongeza! Nilidanganya kwa ukamilifu kabisa, kama mwalimu anayejua kazi yake.

Béa akasema alidhani hayo yalikuwa maneno ya Kasongo tuliyoyacheka, nikamwambia amechanganya. Kisha akasema, "Kumbe uliandikisha muzuri. Ni mi njo nilisahau."

Nikamwambia watu wanasahau. Nikalifunga daftari, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwishaoshwa.

Tangu siku hiyo kila mgeni alipewa maelezo hayo. Mama wa kanisani wakija kusali naye, Béa anawaambia kwamba yaya alifundisha vizuri, mjinga ni yeye aliyesahau. Mimi niko jikoni nasikia. Halafu mama wale wakiaga wananishika mikono miwili na kunisifu, dada gani mwenye moyo kama wangu, anamlisha mdogo wake, anamwosha, halalamiki. Nilizimeza sifa hizo moja baada ya nyingine. Mwenye aibu angekabwa, mimi nilinenepa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi aliyeniumbua hakuwa kifo. Alikuja na baiskeli yenye gunia la makaa.

Jumapili moja mchana nikasikia hodi, nikafungua, nikamkuta Kasongo. Amekonda kidogo, vumbi la viatu ni lile lile. Alikuwa amesikia habari za Béa kule Mutoshi, akaona asije mikono mitupu. Nikamkaribisha, ningefanyaje? Béa alipoisikia sauti yake alifurahi mpaka akasimama. Wakaongea habari za wenzao wa darasani, nani ameoa, nani ameenda Lubumbashi. Mimi nilikaa ukingoni mwa kiti nikiomba Mungu mazungumzo yaishie huko.

Hayakuishia huko. Béa akamwambia kama alivyowaambia wote: madame alitufundisha kwamba zile mbili zikiungana ni kali, alinisomea mwenyewe kwenye daftari, na mimi kwa ujinga wangu nikasahau.

Kasongo akageuka akanitazama. Alikuwa ametolewa nje ya darasa kwa ajili ya sentensi hiyo. Maisha yake yalirudi shimoni kwa ajili ya sentensi hiyo! Angeweza kusema neno moja tu, na nilikuwa nalingoja kama anayengoja kofi. Hakusema. Alimaliza maji yake, akamwambia Béa apate nguvu, akatoka.

Nilimsindikiza hadi langoni. Akashika usukani wa baiskeli, akasema taratibu:

"Madame, mi sisemi kitu. Ile siku nilisema, ukanifukuza. Leo ni wewe njo utasema."

Akaondoka akiisukuma baiskeli.

Siku tatu nilizunguka na maneno hayo nyumbani kwangu. Siku ya nne nikamkuta Béa amekaa uani anachambua maharage kwa vidole, kazi aliyojifunza upya. Nikakaa chini mbele yake nikamwambia yote. Kwamba Kasongo alikuwa sahihi. Kwamba nililijua hilo alasiri ile ile, kitabu kikiwa magotini na yeye akisonga bukari. Kwamba daftari halikuandikwa nilivyomsomea.

Vidole havikusimama. Jiwe upande huu, haragwe upande ule. Kisha akasema nimletee daftari.

Nikalileta, nikaanza kumweleza kwa nini, nilivyoogopa, nilivyotaka asiniache. Akanikatiza.

"Usieleze, yaya. Soma vile inaandikwa."

Nikasoma: "Kilichochanganywa hupungua nguvu."

"Tena."

Nikasoma tena. Akaninyooshea mkono, nikashika kidole chake nikakiweka chini ya sentensi. Alikuwa amekandamiza kalamu sana siku ile, kwa rula, na mistari ilikuwa imezama kwenye karatasi. Kidole kikaenda mwanzo hadi mwisho, kikarudi.

"Nilipiga yote mbili," akasema. "Sawa vile ulituambia."

Hakulia, na hakunitukana. Afadhali angenitukana! Wiki ile ile aliomba apelekwe Lubudi kwa shangazi yetu, na akaondoka na daftari lile ndani ya mfuko wake wa nguo. Nikipiga simu, shangazi anasema amelala. Saa nne asubuhi, amelala. Saa kumi alasiri, amelala. Nimeelewa.

Nilirudi darasani nikawaambia wanafunzi wangu wa sasa ukweli wote kuhusu somo lile, ingawa sikutaja jina la Béa. Msichana mmoja wa nyuma akaniuliza swali dogo: kabla ya huyo aliyepofuka, wangapi wengine niliwafundisha vile?

Nilikuwa sijawahi kuhesabu. Nikasimama pale nikiwakumbuka, darasa baada ya darasa, wote wakiucheka mfano wangu wa udongo, wote wameinamia daftari na kalamu nyekundu. Hao leo wako viwandani, wako maabara, wako kwenye maghala ya dawa kuanzia hapa Kolwezi hadi Fungurume na mbele zaidi. Kwa ajili yao nimeandika haya. Béa nimeshamkosa.

Walimu wenzangu, mtu wa viatu vya vumbi akikusahihisha, nenda kafungue kitabu. Ukimkuta ana haki, rudi kesho yake useme mbele ya wale wale waliocheka. Inauma siku moja tu, nami ningelipa chochote niipate siku hiyo tena. Usijidanganye kwamba ukifuta ubao umefuta kosa, maana kosa limeshaenda nyumbani na watoto wa watu, na limeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Na ninyi mliopita mikononi mwangu, mnajijua. Mnakumbuka mfano wa teneur, mnakumbuka madame mkali wa mistari. Tafuteni daftari lenu la darasa la sita, mfungue kwenye halojeni. Kuna sentensi pale yenye mistari miwili myekundu chini yake. Pigeni wa tatu, na huo upite juu ya maneno. Halafu vaeni miwani.